Klachi: Uifungue Mwenyewe au Umwachie Fundi?

SWALI: Nina Toyota Corolla 110 ya gia za mkono. Naitumia kila siku kutoka Muyeye kwenda kazini Watamu, na mara moja moja hadi Mombasa. Siku hizi gia ya kwanza inaingia kwa taabu na rivasi hulia kabla ya kuingia. Fundi ameniambia klachi imekwisha, ninunue seti nzima. Nina boksi la spana, jeki moja na ndugu yangu wa kunisaidia. Naweza kuibadilisha mwenyewe uani kwangu?
*Msomaji, Muyeye, Malindi*

JIBU: Ndugu yetu, usinunue chochote bado. Dalili ulizotaja si za klachi iliyolika. Klachi iliyolika huteleza: unakanyaga mafuta, injini inapandisha sauti, gari haliongezi mwendo, na mlimani unasikia harufu ya kuungua. Yako inashika vizuri, ila haiachii. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na hilo la pili mara nyingi huponywa bila kuigusa giaboksi.

Jipime hivi. Simamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta hendibreki, kanyaga breki, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo kisha achia klachi taratibu. Injini ikizima papo hapo, pleti (kisahani cha msuguano ndani ya klachi) bado ina uhai. Ikiendelea kunguruma, pleti imekwisha. Mara moja yatosha, maana kurudia kipimo hiki ndiko kuiunguza.

Sasa tafuta kwa nini haiachii. Kama klachi yako ni ya mafuta, si ya kebo, kuna silinda mbili: ya juu nyuma ya pedeli na ya chini ubavuni mwa giaboksi. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi kama kimepungua. Ingiza mkono chini ya dashibodi, pale ufito wa pedeli unapoingia ukutani. Pakiwa na majimaji, silinda ya juu inavuja. Kisha nenda chini, vuta pembeni kifuniko cha mpira cha silinda ya chini. Yakidondoka mafuta, umempata mwizi wako. Na kama hapavuji popote lakini pedeli inazama polepole ukiishikilia, mpira wa ndani wa silinda ya juu umechoka.

Kazi hiyo ifanye mwenyewe bila wasiwasi. Silinda ya chini kwa kawaida imeshikwa na boliti mbili na bomba moja. Ukiifungua, pitisha kidole ndani: pakiwa laini, badilisha mipira tu, pakiwa na vishimo vya kutu, nunua silinda nzima, kwa sababu mpira mpya utakatika upesi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyuma hivi. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwani hufyonza unyevu yakikaa wazi. Usithubutu kutia oili ya injini, itavimbisha mipira yote. Kutoa hewa, mmoja akanyage pedeli na kuishikilia, mwingine afungue nipo (kiboliti cha kutolea hewa kwenye silinda ya chini), mafuta yatoke, aifunge, ndipo pedeli iinuliwe. Endeleeni hadi mapovu yaishe, huku mkiongeza mafuta kikoponi kisikauke. Yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji mara moja.

Gia zikiingia vizuri baada ya hapo, shauri limekwisha.

Zikiendelea kugoma, basi huenda pleti imepinda, vidole vya presha pleti (sahani inayoibana pleti) vimevunjika, au meno ya pleti yamekwama kwa kutu kwenye shafti. Hapo giaboksi lazima ishuke, na hapo ndipo swali lako linapoanza hasa.

Ushauri wetu kwa hali yako: mpe fundi. Si kwamba akili ya kazi hii ni ngumu. Shida ni uzito na mahali. Giaboksi ya gari dogo ni mzigo wa kilo thelathini na kitu, unaoshushwa na kupandishwa ukiwa umelala chini yake. Lazima utoe betri, stata, waya, bolijointi na shafti zote mbili za magurudumu ya mbele, uchuruze oili ya giaboksi, uining'inize injini kutoka juu ndipo ufungue mauntini, yaani vishikizo vya injini na giaboksi. Nati za shafti hukazwa kwa zaidi ya Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na kwa boksi la kawaida la spana hutazifungua. Jeki moja haitoshi: inatakiwa moja ya giaboksi, na stendi mbili madhubuti za kubeba gari. Uani kwenye mchanga jeki huzama na kupinda. Na tafadhali, usilale chini ya gari lililoegemezwa juu ya matofali ya matumbawe au ya saruji. Hupasuka ghafla, bila kuonya.

Kosa linalowagharimu wengi ni wakati wa kurudisha. Ukiiacha giaboksi ining'inie kwenye shafti yake kabla haijakaa sawa, unaipinda pleti mpya, na unarudi palepale: gia haziingii. Wengine huivuta kwa kukaza boliti ili iingie. Hapo masikio ya giaboksi huvunjika. Ikikaa sawa huingia yenyewe kwa kusukumwa kwa mkono. Wenye sakafu ya saruji, jeki mbili, stendi, spana ya toki (ya kupima nguvu ya kukaza) na siku mbili wasizolihitaji gari, hao tunawaambia wajaribu. Wapulizie boliti zote mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, la sivyo boliti za bolijointi na ekzosi zitakatikia mikononi.

Kumpa fundi si kumwachia funguo na kuondoka. Spea nunua wewe, tena baada ya pleti ya zamani kutoka: linganisha kipenyo na hesabu ya meno ya katikati, kwani Corolla zinazofanana nje hutofautiana ndani. Nunua pleti, presha pleti na bearingi kwa pamoja. Kubadilisha pleti peke yake ni kuokoa kidogo na kulipia kazi ileile mara mbili.

Uwepo pale giaboksi inapotoka. Tazama nyuma ya injini: pakiwa na oili, sili ya krankishafti ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana pleti mpya ikiloa oili itateleza. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshika klachi, ikiwa na alama za buluu, nyufa au mifereji, ipelekwe kwa fundi wa leithi au ibadilishwe. Presha pleti mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, yafutwe yote. Upande wa pleti wenye springi utazame giaboksi. Isawazishwe kwa kifaa chake cha kuweka katikati, na boliti za presha pleti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, hadi kipimo cha kitabu; kwa Corolla nyingi ni takriban Nm 19, nguvu ndogo kuliko wanavyodhani wenye mikono mizito. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu, inayozidi huruka kwenye pleti. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa. Lifutwe kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa pleti za zamani huenda zina asbesto, inayodhuru mapafu. Mwisho, oili ya giaboksi irudishwe mpya. Hili husahauliwa, na giaboksi huungua.

Kwa kilomita 500 za mwanzo endesha kwa upole.

SWALI: Hiace yangu hubeba wageni hadi ufukweni Mambrui. Klachi hazidumu. Ninunue aina gani?
*Dereva, Malindi mjini*

JIBU: Kabla ya aina, tazama mchanga. Kuchomoka mchangani kwa nusu klachi na mafuta mengi huunguza pleti kwa dakika chache. Punguza upepo wa matairi kabla ya kuingia, chimbua mbele ya magurudumu, washushe abiria, na ukirudi lami jaza upepo tena. Mguu usipumzike kwenye pedeli safarini, huila bearingi.

SWALI: Tuktuk yangu ya petroli ya stroki nne inateleza tangu nibadilishe oili. Nishushe injini?
*Msomaji, Maweni*

JIBU: La. Klachi ya tuktuk hiyo ni pleti kadhaa zinazokaa ndani ya oili ya injini. Oili ya magari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Imwage, tia ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (yaani inafaa klachi zinazokaa ndani ya oili), na hakikisha kebo ina ulegevu wa milimita 2 hadi 3 mkononi, kwani kebo iliyovutwa mno pia huifanya klachi iteleze. Ikiendelea baada ya siku kadhaa, badilisha pleti. Hiyo unaweza mwenyewe: hufunguliwa kwa kifuniko cha pembeni, gasketi iwe mpya, na pleti mpya uziloweke kwenye oili safi kabla ya kuzipanga.