Maswali ya shamba: maua ya nyuki

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Tukuyu, nina miparachichi ya Hass kama ekari moja hivi, inatoa maua mengi kwelikweli ila matunda yanashika machache, bwana shamba akasema nyuki hawatoshi. Sasa mtandaoni nimeona wanauza paketi za mbegu za maua ya porini kutoka Uingereza, eti ukimwaga tu shambani nyuki wanakuja wenyewe. Niagize? Halafu jirani ananitisha kwamba maua hayo yatawavuta nyuki waache parachichi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiagize. Paketi zile zimechanganywa kwa ajili ya hali ya hewa ya kule, na mbegu kutoka nje haziingii hivi hivi, lazima upitie mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, maana unaweza kujiletea gugu jipya ukahangaika nalo mpaka wajukuu. Na kwani huko kwenu Rungwe kuna uhaba wa maua jamani? Shida yetu ni kwamba kwenye mvua kila kitu kinachanua kwa pamoja, halafu baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikipita nyuki hana cha kula, kundi linapungua nguvu au linahama, na hapo ndo miparachichi yako inaanza kutoa maua.

Kwanza lielewe ua lenyewe. La Hass linafunguka asubuhi likiwa jike, linafunga, kesho yake mchana linafunguka tena likiwa dume. La Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni kinyume, jike mchana, dume asubuhi ya kesho yake. Kwa hiyo ukiwa na Hass tupu unawapa nyuki kazi ngumu, chomeka miche michache ya Fuerte katikati. Na usishtuke ukiona maua yanapukutika chini, hata mti wenye afya, kati ya maua 100 hata 1 halifiki kuwa tunda.

Jirani yako hajakosea sana. Nyuki hapendi sana parachichi, akikuta kitu kitamu zaidi pembeni anakimbilia huko. Dawa yake ni muda. Kishona nguo na magugu mengine yenye maua yaache mipakani yalishe nyuki miezi mingine, ila parachichi zikianza tu kufunguka fyeka yaliyo chini ya miti. Chainizi usiing'oe yote, acha mashina kadhaa yapande maua ya njano, giligilani na mrehani vivyo hivyo. Alizeti pori, yale marefu ya njano ya kando ya barabara, nyuki wanayapenda na majani yake ni mbolea nzuri ya kijani, ila yanasambaa vibaya, yafyeke kabla hayajakomaa mbegu.

Na dawa za wadudu, tafadhali. Mtu anapanda maua ya nyuki halafu saa nne asubuhi anazunguka na bomba mgongoni, sasa umewaita uwaue? Maua yakiwa wazi usipige, ikibidi sana subiri jioni nyuki wamerudi.

SWALI: Kamwene! Niko Mafinga, nimezungukwa na misitu ya paina kila upande, miti mpaka basi, lakini mizinga yangu haina asali ya maana. Nipande maua gani?

JIBU: Kamwene! Paina inachavushwa na upepo, haina maua yenye nekta, yale maji matamu nyuki anayotengenezea asali, kwa hiyo kwa nyuki msitu wote huo ni jangwa la kijani. Mikaratusi ina nafuu kubwa, ukiwa na jirani mwenye nayo sogeza mizinga huko, nyuki anafika hata kilomita 3 ila akipata karibu ndo anajaza haraka. Mi ningeanza na vinyungu, zile bustani za bondeni, maharage na maboga yake yanachanua wakati huku juu kumekauka. Mpakani weka migrivilea, ni miti, utaisubiri miaka, lakini ikianza inatoa nekta nyingi. Na sahani ya maji yenye vijiwe vya kutua, watu wengi wanasahau hiyo kiangazi.

SWALI: Habari dada, mi wa Mbeya. Je naweza kwenda kuchimba maua Kitulo nije kuotesha nyumbani?

JIBU: Hapana! Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, huchimbi hata jani, na okidi zake tayari zimeteswa na wanaochimba viazi vyake kupeleka Zambia kwenye chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Ukitaka maua ya porini, mvua zikiisha pita kando ya barabara na mashambani kwenu, kusanya mbegu zilizokauka za mimea uliyoona nyuki wakiitembelea, uziweke kwenye karatasi sio mfuko wa plastiki. Mwezi wa kumi na moja ng'oa nyasi na mizizi yake, changanya mbegu na mchanga mkavu, mwaga juu juu, kanyaga kidogo, usifukie sana. Samadi usitie kabisa, udongo ukinona nyasi ndo zinashinda.