Jibu: Ni kweli Bruda Colm hakuwahi kuwa mwanariadha?

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama ni kweli kocha wa riadha Bruda Colm O'Connell hakuwahi kuwa mwanariadha, na kama mkimbiaji David Rudisha alisoma shule anayofundisha Bruda, St Patrick's, mjini Iten, Kenya.

La kwanza ni kweli: hakuwahi kuwa mwanariadha. Alitoka Ireland mwaka 1976 kama mtawa wa shirika la Mtakatifu Patrick, akaja kufundisha jiografia St Patrick's. Ukocha hakuusomea. Alimkuta pale kocha Peter Foster, nduguye yule mkimbiaji wa Uingereza Brendan Foster, akaanza kumsaidia uwanjani. Foster alipoondoka, timu ikabaki mikononi mwake. Basi akajifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe wakikimbia, na mimi naona hilo ndilo lililomfaa: hakuwa na mbinu za vitabuni za kuwalazimishia.

Peter Rono, mwanafunzi wake, alishinda dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988. Matthew Birir naye akaichukua ya kuruka viunzi na maji, Barcelona 1992. Wilson Kipketer pia alipita shule hiyo kabla ya kuhamia Denmark.

La pili, hapana. Rudisha alisoma Kimuron, hapo hapo Iten. Kwa Bruda alifika kupitia kambi za mazoezi. Mwaka 2010 aliivunja rekodi ya mita 800 ya huyo huyo Kipketer, kisha London 2012 akaishusha hadi dakika 1 na sekunde 40.91. Ukipita Iten, omba uoneshwe miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa pale shuleni.