Jibu: Binti yangu haoni, anataka kusomea kompyuta

Salaam, dada. Umesema binti yako wa kidato cha pili haoni kabisa, anataka kuandika programu, na mwalimu kamwambia kompyuta ni ya wenye macho. Si kweli, na inaniuma kusikia watoto bado wanaambiwa hivyo.

Kwanza angalia kama anaijua kibodi bila kipanya. Wengi hukwama hapo. Kisha weka programu ya NVDA kwenye kompyuta ya Windows. Ni ya bure, husoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, na walioianzisha, Michael Curran na James Teh wa Australia, wote hawaoni. Sehemu kubwa yake imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, basi naye aanze na lugha hiyo hiyo.

Shida ni kwamba Python hutegemea nafasi tupu za mwanzo wa mstari kujua mstari upi uko ndani ya sehemu ipi ya programu, na asiyeona hazioni. Kwenye mipangilio ya NVDA, sehemu ya muundo wa hati, washa taarifa ya nafasi hizo kwa mlio. Kijana niliyekaa naye alisikia mlio umepanda, vidole vikasimama: "Kumbe bado niko ndani!" Akarekebisha mwenyewe.

Mimi nimekaa na wasioona kabisa tu. Wenye uoni hafifu sijawafundisha. Na kwa grafu za hesabu, tunabandika uzi kwa gundi kwenye kadi, wasioona wanazipapasa.