Nimemaliza Manto, sasa nisome nini?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nimesoma ile hadithi ya Saadat Hasan Manto, mwandishi wa Kiurdu, ya vichaa wanaogawanywa kati ya India na Pakistani, nikabaki hoi. Nataka vitabu vingine vya huko vilivyoleta kesi au vikapigwa marufuku, ila jamani msiniambie Salman Rushdie, kila ninayemuuliza ananitajia huyohuyo. Kihindi sijui, Kiingereza nasoma. – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yetu, we anza na Perumal Murugan, Mtamil wa kusini mwa India. Kitabu chake kinaitwa One Part Woman, kinahusu mke na mume wakulima, Ponna na Kali, wanapendana sana tu ila mtoto hawajajaliwa na maneno ya ndugu na majirani hayaishi, mpaka wazee wanaona bora Ponna aende sikukuu ya hekalu la Tiruchengode, usiku ule ambao mwanamke asiye na mtoto analala na mwanamume asiyemjua na mimba ikiingia inahesabiwa imetoka kwa mungu. Kwa Kitamil kilitoka 2010, kimya kabisa. Kikatafsiriwa 2013, na mwisho wa 2014 ndo watu wa mji wenyewe wakaanza kukichoma, maduka yakafungwa, na Januari 2015 akaandika Facebook kwamba Perumal Murugan mwandishi amekufa. Mahakama Kuu ya Madras ikampa haki yake Julai 2016, ikamtaka arudi kuandika. Na kinachoshangaza, ukikisoma hukuti matusi, unakuta ndoa tu inavyoliwa kidogo kidogo na midomo ya watu (mashangazi wa huku kwetu utawatambua humo).

Kwa kuwa Manto umempenda, mtafute na rafiki yake Ismat Chughtai. Hadithi yake Lihaaf ya 1942, ya begamu (bibi wa nyumba ya kitajiri) ambaye mumewe kamtelekeza, na mambo yake na mtumishi wake wa kike, ilimpeleka kortini Lahore kwa kosa la uchafu, na Manto naye alikuwa na kesi yake hukohuko. Mashahidi walishindwa kuonyesha neno lenyewe chafu liko wapi, akaachiwa.

Lajja ya Taslima Nasrin, iliyopigwa marufuku Bangladesh 1993, wengi watakusukumia. Mi naona imekaa kama ripoti ya gazeti kuliko riwaya, takwimu kibao, ila ujasiri wake siubishii.

Ukitafuta mtandaoni usiandike jina la kitabu peke yake maana yanabadilika, Madhorubhagan na One Part Woman ni kitu kimoja, andika na jina la mtafsiri. Huyo wa Murugan ni Aniruddhan Vasudevan, wa Chughtai jaribu Tahira Naqvi au M. Asaduddin. Na ukimpenda mtafsiri angalia kafanya nini kingine, mi vizuri vingi nimevipata hivyohivyo, sio kwa orodha za vilivyopigwa marufuku.