Mbebaji wa selimundu au mbebaji wa mizigo?

Msomaji wetu wa Moshi anauliza:

"Naandaa dodoso la afya kwa Kiswahili. Litatumiwa na watafiti wanaochunguza jinsi miili ya wapagazi wa Kilimanjaro inavyohimili kazi nzito na mwinuko. Swali mojawapo nililiandika hivi: 'Je, wewe ni mbebaji wa selimundu?' Nilipolijaribu, mpagazi mmoja alijibu, 'Mbebaji ndiyo, kilo 20 kila siku.' Mwingine akasema yeye hana ugonjwa wa kuambukiza. Tena sijui nichague selimundu au sikoseli, wala kama 'upungufu wa damu' unatosha kwa anemia. Naomba mwongozo."

Wapagazi wote wawili wamekujibu sawasawa. Neno ndilo lililowaponza, hiyo "mbebaji" iliyotafsiriwa kutoka "carrier" ya Kiingereza, yaani mtu mwenye kinasaba cha ugonjwa bila yeye kuumwa. Kubeba, kwa msemaji wa Kiswahili, ni kubeba kitu kinachoonekana: mama hubeba mtoto mgongoni, kuli hubeba gunia, na katika njia za Marangu na Machame mbebaji ni yule mwenye begi la mgeni kichwani. Ungeandika "mchukuzi" usingepona, maana mchukuzi naye ni hamali. Huyo wa pili kasikia kingine. Kwa miaka mingi redio zimetuzungumzia wabebaji wa virusi na wabebaji wa vimelea, hata neno limeshika harufu ya maambukizi.

Selimundu, ugonjwa wa seli nyekundu za damu, haiambukizwi, hurithiwa. Na kitenzi cha kurithi tunacho tangu zamani, kinajulikana na kila aliyewahi kugawana shamba la baba. Kwa hiyo uliza hivi: "Je, umerithi kinasaba cha selimundu, yaani sikoseli, kutoka kwa mzazi mmoja?" Kinasaba ni mtoto wa neno nasaba, lile lile tunalolitumia posa inapoletwa na wazee wakataka kujua kijana katoka ukoo gani. Mtu ambaye hajasoma biolojia hata siku moja atalisikia na kujua kwamba anaulizwa habari za wazazi wake.

Hapo utakuwa umeepuka pia mtego mwingine, nao ni ule wa "ana". Katika lugha yetu, ukisema fulani ana malaria, ana pumu, ana kisukari, umeshasema kwamba fulani anaumwa. Vivyo hivyo "ana selimundu" husikika kuwa ni mgonjwa wa selimundu. Lakini aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja, yule ambaye majibu yake ya maabara huandikwa AS, si mgonjwa. Mgonjwa ni aliyerithi kwa wazazi wote wawili, wa SS. Katika seli nyekundu za mtu wa AS, hemoglobini yenye kasoro (hemoglobini ni ile protini inayochukua oksijeni) huwa kama asilimia 40 tu, na iliyobaki ni ya kawaida, ndiyo maana wengi huishi hadi uzeeni bila kujua. Tena kinasaba hicho kimoja ni kinga. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye nacho huhimili malaria kuliko wasio nacho, jambo lililoeleza kwa nini kimeenea sana pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko nyanda za juu.

Nimekaza hapa kwa sababu neno likikosewa kwenye dodoso la mlimani, mtu anaweza kukosa mkate wake. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walichapisha takwimu za makuruta wa jeshi: kwa makuruta weusi, wenye kinasaba kimoja walikuwa na hatari ya kufa ghafla katika mafunzo takriban mara 28 kuliko wenzao wasio nacho. Ilitisha. Lakini mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine wa askari weusi wapatao 48,000, katika jeshi ambalo lilikwisha kuweka kanuni za kunywa maji, kupumzika na kukwepa joto. Safari hii vifo havikuzidi. Kilichozidi, kwa asilimia 54, ni hatari ya misuli kuharibika kwa kazi ya kupita kiasi na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, hadi figo zikaelemewa. Mwinuko nao una kesi zake. Ryan Clark, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa timu ya Pittsburgh Steelers, alicheza Denver mwaka 2007, mji ulio kama mita 1,600 tu juu ya usawa wa bahari. Ana kinasaba kimoja. Bandama yake, wengine huiita wengu, ilikosa damu na ikabidi itolewe, pamoja na mfuko wa nyongo. Alipona na kurudi uwanjani, ila Denver hakucheza tena.

Basi mpagazi wa AS anahitaji kujua hali yake, anywe maji ya kutosha, asikimbizwe, na akisikia maumivu makali ubavuni kushoto, iliko bandama, ateremshwe mara moja. Hayo yote ni tofauti kabisa na kuandikwa "ana selimundu" na kurudishwa getini. Mtu wa SS ndiye ambaye kazi ya mlimani haimfai.

Kuhusu selimundu au sikoseli, kila moja lina mahali pake. Sikoseli ni neno la wodini na mitaani, limekwisha kuzoeleka Tanzania, na sioni aibu yoyote kulitumia. Selimundu ndilo ninalolipendekeza katika maandishi, kwa kuwa linaeleza. Mundu, wingi wake miundu, ni kile kisu kilichopinda cha kukatia nyasi na kuvunia mpunga. Daktari James Herrick wa Chicago alipochapisha mwaka 1910 habari za kijana wa Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alifananisha seli za damu yake na mundu, na mfano huo umebaki hadi leo. Seli nyekundu yenye hemoglobini ya namna hii ikishaachia oksijeni hupinda, hukakamaa, kisha hunasa kwenye mishipa myembamba. Hapo ndipo maumivu huanza. Liandike neno moja, kama batamzinga na pundamilia, ukitaja ugonjwa. Ukitaja seli zenyewe, sema seli zenye umbo la mundu. "Seli za mundu" siipendi, kana kwamba mundu una seli zake. Na kama dodoso litavuka mpaka kwenda Mlima Kenya, kumbuka kwamba kwa Mkikuyu na Mkamba mundu ni mtu. Huko usiache kuongeza sikoseli pembeni.

Sasa upungufu wa damu. Hapa nakiri neno letu ni jema na ni zito kuling'oa, ila linabeba mambo matatu ambayo mtafiti wa mazoezi hawezi kuyachanganya.

La kwanza ni damu kupungua kweli, kwa jeraha au uzazi: imemwagika, ujazo umeshuka. Mtu huyo amepoteza damu, na ndivyo tuseme. La pili ndilo anemia hasa: maji ya damu yapo, mishipa imejaa, lakini hemoglobini ni kidogo. Kwa mgonjwa wa selimundu sababu yake ni umri wa seli. Seli nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120. Yake huishi 10 hadi 20, na uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza seli hizo, hauwahi kuziba pengo. Ndugu zake husema "kaishiwa damu", na ni rahisi kuwaelewa, lakini damu haijaisha. Waliokwisha ni wachukuzi wa oksijeni waliomo ndani yake.

La tatu ndilo la ajabu. Mkimbiaji anayejifua miezi kadhaa hupimwa na kuambiwa hemoglobini yake imeshuka kidogo, wakati seli zake nyekundu hazijapungua hata moja, pengine zimeongezeka. Mazoezi ya ustahimilivu huongeza plazma, yaani maji ya damu, haraka kuliko seli, kwa hiyo kila tone lina seli chache zaidi. Huyu ana damu nyingi kuliko jirani yake anayeshinda kitini, halafu kadi yake inaandikwa upungufu wa damu! Mlimani huwa kinyume. Siku za mwanzo plazma hupungua, kipimo kinapanda, mtu anasifiwa kwamba damu yake imeongezeka ilhali mwili bado haujatengeneza kitu. Seli mpya huja baadaye, baada ya figo kutoa homoni ya kuuamsha uboho, na hilo huchukua wiki.

Kwa dodoso, basi, acha "upungufu wa damu" pale unapomuuliza mtu kama aliwahi kuambiwa hivyo hospitali, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Ila kwenye safu ya vipimo andika "kiwango cha hemoglobini" na tarakimu yake. Kwa mkimbiaji sema damu yake imezimuliwa, kama tunavyozimua maziwa kwa maji. Kitenzi kipo na kinatosha.

Hukuniuliza, lakini nimehofia swali jingine ambalo naamini limo humo: "Je, unafanya mazoezi?" Mpagazi atakujibu hapana. Kwake mazoezi ni kukimbia asubuhi kwa raba, au kunyanyua vyuma. Kupanda mpaka kambi ya Barafu na kilo 20 kichwani ni kazi. Uliza kwa siku ngapi katika mwezi anapanda, saa ngapi kwa siku, mzigo kiasi gani.

Na ukifika kwenye lile suala la mwili kujirekebisha na mwinuko, usihangaike kubuni neno. Zoezi limetoka kwenye zoea, na kuzoea ndiko hasa kunakotokea: pumzi huongezeka kina, moyo hupunguza papara, damu hubadilika. "Ulipewa siku ngapi za kuzoea mwinuko?" itaeleweka na kila mpagazi. Mwinuko, si kimo. Kimo ni cha mtu.

Hewa ya kileleni nayo, kwenye mita 5,895, haijaishiwa oksijeni kama wengi wanavyoandika. Sehemu yake ni ile ile asilimia 21 ya ufukwe wa Tanga. Kilichoshuka, karibu na nusu, ni kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayosukumia, neno ambalo vitabu vya fizikia vimeliunda kwa kani na eneo. Kwa wapagazi sema hewa hafifu.

Ukimaliza kulirekebisha, warudie wale wale wawili uliowajaribu mwanzo, uwasomee kwa sauti, na usiwaeleze chochote kabla hawajajibu.