Mikono Inayoshinda Majini

Mwezi huu barua tatu zimetufikia kutoka pande tatu za Dar es Salaam, na zote zinahusu mikono: ya mama lishe, ya saidia fundi na ya bibi harusi mtarajiwa. Nimezijibu kwa pamoja kwa sababu waandishi wake wote wameomba ushauri usiohitaji fedha nyingi.

Shikamoo mama. Mimi ni mama lishe hapa Buguruni. Tangu alfajiri mikono yangu imo majini: naosha vyombo, napaa samaki, jioni nafua. Vidole vimepasuka hata nikishika chumvi nalia, na shina la kucha mbili limevimba. Jirani kanishauri nisugue kwa ndimu na sukari. Nilinunua krimu ya shilingi elfu kumi na tano, haikunisaidia. Nifanye nini?

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa maumivu. Tuanze na chanzo, maana ukishakijua hutapoteza tena elfu kumi na tano nyingine. Ngozi yako haikupasuka kwa kukosa krimu. Imepasuka kwa sababu mafuta yake ya asili yanaoshwa kila siku kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuyarudisha. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, kipimo chake cha pH (chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake) kikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya mche na sabuni nyingi za unga huvuka 9, na kila unapotumbukiza mikono kwenye beseni la povu unaudhoofisha utando unaozuia maji ya mwilini yasitoke na vijidudu visiingie. Ikiwa unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo katika mitaa yetu mingi, povu halitoki upesi na mtu hujikuta anaongeza sabuni bila kujua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuitenga mikono na sabuni. Nunua glavu za mpira za kuoshea vyombo, lakini usizivae kwa muda mrefu mfululizo, kwani jasho linalokusanyika ndani nalo huilowesha ngozi na kuidhoofisha. Ndani yake vaa glavu nyepesi za pamba, au shona vifuko kwa fulana kuukuu, na ukimaliza kazi zigeuze na kuzianika. Sabuni ya unga iyeyushe kwanza kwenye maji. Usiimwage juu ya sufuria na kuisugua kwa kiganja kitupu.

Jambo la pili ni mafuta, na hapa wakati wa kuyapaka una uzito kuliko bei yake. Marehemu mama yangu aliuza vitumbua Temeke kwa miaka mingi. Kila usiku baada ya kunawa alikung'uta mikono bila kuifuta ikakauka, akachota mafuta ya nazi kwa ncha ya kidole kutoka kwenye kopo la maziwa lililokaa juu ya kabati, akayasugua katikati ya vidole na kuzunguka kila ukucha mpaka viganja vikang'aa kwa mwanga wa kibatari. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa maana ya ule unyevu aliouacha: mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, bali huyafungia yaliyopo, na ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hayana kikubwa cha kufungia. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hufanya kazi hiyo vizuri hata kuliko ya nazi, na kopo dogo halizidi sana bei ya sahani ya wali maharage unayouza. Paka kila unaponawa, na usiku paka mengi zaidi kisha vaa soksi safi za pamba mikononi ulale nazo.

Ndimu na sukari, tafadhali viache. Sukari itachubua ngozi ambayo tayari ina majeraha. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi na kupigwa na jua huweza kuiunguza, kutoa malengelenge na kuacha madoa meusi yanayochukua wiki au miezi kufifia. Nawe unakamulia wateja ndimu ukiwa juani, kwa hiyo nawa kila ukimaliza kukamua.

Hilo la kucha nalichukulia kwa uzito. Ule ukingo mwembamba wa ngozi kwenye shina la ukucha ndio unaoziba mlango, na ukiharibiwa na maji au ukikatwa kwa wembe, bakteria na fangasi huingia. Usiukate wala usiusukume, na kausha vidole vizuri sehemu hiyo kabla ya kupaka mafuta. Ukiona usaha, ukisikia kidole kinapwita, au ikiwa una kisukari, usijitibu nyumbani. Nenda kituo cha afya mapema. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ulioharibika utahitaji takriban miezi sita kujibadilisha wote, na hakuna krimu itakayoharakisha jambo hilo.

Mama, mimi ni saidia fundi huko Goba. Nachanganya zege kwa mikono mitupu na jioni nanawa kwa mafuta ya taa ili saruji itoke. Viganja vimekuwa kama msasa.

Mwanangu, acha mafuta ya taa leo hii, kwani yanaondoa hata mafuta machache yaliyobaki kwenye ngozi. Saruji mbichi ina pH inayozidi 12, na inaweza kuiunguza ngozi taratibu bila wewe kusikia maumivu mwanzoni, ndiyo maana inafaa uioshe mara inapokugusa, kwa maji mengi safi, usingoje jioni. Vaa glavu ndefu za mpira, na zege likiingia ndani zivue hapo hapo, kwa sababu zege lililobanwa kwenye ngozi huunguza zaidi. Baadhi ya mafundi hupata pia mzio wa kromiamu, madini yaliyomo kwenye saruji. Ukiona vipele vinavyowasha vinarudi kila unapopata kibarua, mwone daktari. Jioni nawa, kisha paka mafuta ya mgando kama nilivyomweleza dada yako wa Buguruni.

Naolewa mwezi ujao hapa Mbagala. Hina ni rahisi kwetu, lakini shangazi anataka nipakwe piko ili maua yawe meusi. Ni salama?

Hongera mwanangu. Kwa heshima zote kwa shangazi, mwombe akuache na hina ya majani peke yake. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo para-fenilenidiamini, ambayo kwa baadhi ya watu huleta malengelenge na makovu yanayofuata mchoro wa maua yenyewe, na mtu akishapata mzio huo huenda akabaki nao maisha yote, hata kwa rangi ya nywele atakayotumia miaka mingi baadaye.

Ukimwita kijana anayepita na kikapu chake cha rangi za kucha, mpe kikatio chako mwenyewe na wembe mpya uliofunguliwa mbele yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na chombo kilichopita kwenye vidole vya mtaa mzima hakistahili kugusa vya bibi harusi. Hina yenyewe ipakwe siku mbili kabla ya sherehe. Ikibanduliwa huwa ya rangi ya chungwa, kisha hukolea kadiri saa zinavyopita, na siku ya tatu ndipo huwa nyekundu iliyoiva.