Kuombwa pesa ili ujitolee Mathare

Dadangu wa Umoja, nimekusoma. Umemaliza chuo, unataka kujitolea kufundisha watoto Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, na kikundi kinakudai shilingi 3,000 za usajili kabla hujaanza. Usitoe. Tayari unawapa muda na ujuzi wako, hiyo inatosha.

Waombe cheti cha usajili. Vikundi vya mtaani husajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, na afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo hilo anaweza kukuthibitishia kama wanajulikana.

Linalonihangaisha zaidi ni nauli. Matatu kwenda na kurudi kila siku, chakula cha mchana juu yako, na bado unatafuta kazi: baada ya mwezi wengi hutoweka, na watoto waliowazoea hubaki wakiwaulizia. Heri uende Jumamosi tu, lakini mwaka mzima. Mkubaliane mapema kuhusu nauli, siku zako, kazi yako hasa na barua ya mapendekezo, na yote yaandikwe. Wakikataa kuandika, ondoka.

Jambo jingine: wasipokuomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema, shtuka. Penye watoto kila mgeni achunguzwe, hata wewe mwenye nia safi. Na ukishuku mtoto anadhulumiwa, usijifanye mpelelezi. Piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Kama umeshalipa kwa M-Pesa, usifute ule ujumbe. Wakikuzungusha kurudisha, nenda na ujumbe huo kituo cha polisi.